Tini Hazivuki Mpaka

Mama mkwe wangu, Bi Filomena Staltari, hakuwahi kulisifia jimbo letu hata kwa bahati mbaya, tangu siku niliyomwoa binti yake. Na nilimwoa Loredana zamani, nywele zikiwa bado kichwani mwangu. Mama huyo ni mtu wa Victoria, wa mashamba ya zabibu nje kidogo ya Mildura. Mimi ni mtu wa Renmark, Australia Kusini, mwendo wa saa moja na nusu tu kwa gari, lakini ukimsikiliza yeye utadhani binti yake aliolewa mwezini.

Tulikuwa tukibishana kila tulipokutana. Salamu zikiisha, chai ikimiminwa, mmoja wetu anachokoza. Mimi nilikuwa na hoja zangu. Nilimwambia kwamba mgonjwa akizidiwa kwetu, Adelaide ni saa tatu tu barabarani, wakati wao mpaka wafike Melbourne mtu ameshapona au ameshazikwa. Akanijibu kwamba wao wana hospitali kubwa palepale Mildura, hawana haja ya kuzurura na wagonjwa. Nikamwambia sisi tulianza kurudishiwa senti za chupa tupu mimi nikiwa sijazaliwa, na Victoria wametuiga juzijuzi tu. Akasema ndiyo, amewaona watu wa kwetu wakiinama kwenye mapipa, na amewaonea huruma sana.

Nilipoona nazidiwa, nilitoa ile silaha ya kila mtu wa Australia Kusini. Nilimwambia kwamba mababu zetu hawakuletwa kwa minyororo kama wafungwa wa majimbo mengine, walikuja wenyewe, kwa nauli yao. Yule mama aliweka kikombe chini.

"Mfungwa ana udhuru, mkwe," alisema. "Alifungwa, akatupwa jangwani. Nyinyi mlilichagua."

Loredana alicheka mpaka akashika mbavu. Mke wangu huyo. Mume anatukanwa ukoo mzima, yeye anacheka.

Kuhusu saa yetu, ambayo iko nyuma ya yao kwa nusu saa, alisema hajawahi kuona watu wasioweza hata kuchelewa kikamilifu. Kuhusu pai yetu inayozamishwa kwenye supu nzito ya njegere, alisema ni ajali na apigiwe simu mtu wa uokoaji. Na kuhusu mto, hapo ndipo alipokuwa akinimaliza. Mto Murray unapita kwao kwanza, wanamwagilia zabibu zao, wanaogelea, ndipo unakuja kwetu. Akikuta nimejaza glasi ya maji ya bomba, huniambia, "Kunywa, baba, kunywa. Sisi tulishatosheka."

Baba mkwe, marehemu Rocco, alikuwa akitusikiliza akitabasamu. Alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye ile nyumba yenye veranda, na safu za mizabibu mpaka macho yachoke. Majirani walilima shamba kwa kukodi. Yeye alibaki na bustani na kuku, na ule mtini nyuma ya jiko ambao Rocco aliupanda mwaka Loredana alipozaliwa. Majira ya baridi yaliyopita aliteleza kwenye matope akienda kuwaangalia kuku, akalala pale chini mpaka jirani aliposhangaa kuona kuku wametapakaa barabarani. Alivunjika mkono. Tangu hapo Loredana akawa haishi njiani. Kila Jumamosi anakwenda Mildura, anampikia, anafua, anarudi Jumapili jioni wakati kangaruu wanavuka barabara hovyo, na mimi nasubiri dirishani nikihesabu taa za magari ya watu wengine.

Kisha Loredana akapata mimba. Tulikuwa tumeshazipoteza mimba kabla ya hiyo na tulikuwa tumeacha kuzungumzia habari za mtoto, kwa hiyo hii tuliipokea kwa woga. Daktari alisema safari ndefu za gari basi. Alisema kwa upole lakini alimaanisha. Mke wangu alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi na viatu vyake miguuni, akaniambia anamtaka mama yake. Hataki aje wiki mbili halafu aondoke. Anataka ahamie, alale chumba cha pili, amwone mtoto akikua. Alisema asipokuja sasa, siku moja jirani ataona kuku barabarani tena na safari hiyo atakuwa amechelewa.

Basi tulianza kumbembeleza. Na yeye akaanza kutuzungusha. Alisema mkataa kwao ni mtumwa. Alisema Rocco amezikwa kule, nani atampelekea maua. Alisema kwa simu, nami nikisikiliza, kwamba tumwonyeshe kitu kimoja tu, kimoja, kilicho bora Australia Kusini kuliko Victoria, naye atahamia kesho yake. Nilikaa mezani nikakiri kwa mara ya kwanza kwamba ule mchezo wetu haukuwa mchezo tena. Kila hoja niliyomtajia aliipiga chini, na kila ilipoanguka niliona uso wa mke wangu ukisinyaa. Nilijuta kumfundisha yule mama kubishana nami.

Mwisho wa Februari alipiga simu akasema atakuja Jumapili kwa chakula cha mchana, na jibu lake atalitoa mezani, ana kwa ana. Loredana alimwuliza kama anahitaji chochote. Akasema hapana, na wewe je, unatamani nini? Loredana, kwa sauti ya kitoto ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akasema, "Tini zetu, Mama. Nimezinunua za hapa mara mbili, hazina ladha." Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nilipaza sauti kwamba Mama anajua vizuri kuwa tini hazivuki mpaka. Loredana alifunika simu kwa mkono akaniambia alikuwa anasema tu.

Sasa inabidi niseme kazi yangu. Mimi ni mkaguzi kwenye kituo cha matunda mpakani. Kila gari linalotoka Victoria linasimama kwetu, liwe la tajiri au la padri. Huruhusiwi kuingia na tunda lolote wala nyanya, kwa sababu ya nzi wa matunda, ambao funza wao huozesha mashamba mazima. Mabango yanakuonya tangu mbali: kula au tupa. Ndiyo maana kabla ya kituo utaona familia nzima imesimama kando ya pipa, baba anamaliza ndizi za wiki nzima, watoto wamelowa maji ya tikiti mpaka viwikoni. Nimemwona bibi mmoja akila kilo ya plamu kwa hasira huku akinikodolea macho. Ukila ni halali. Ukitupa ni halali. Ukisema huna na unacho, ni faini papo hapo, na tunda linakwenda pipani.

Watu hutucheka, nzi ni nini. Mwaka ule walipopatikana mjini kwetu, hukuruhusiwa kumpa jirani hata limau lililoota uani kwako. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, alikaa na machungwa yake yanamwozea bandani kwa kukosa wa kuyanunua, na alikuwa akinipita barabarani kana kwamba mimi ndiye niliyewafungulia mlango. Kwa hiyo kazi hii naifanya kwa moyo. Sheria ni msumeno, na mimi ndiye niliyeshika mpini.

Jumapili ile nilikuwa zamu ya asubuhi. Joto lilikuwa limeshaanza kuchemsha lami. Tulikuwa wawili, mimi na Sharyn, mwenzangu wa miaka mingi, kila mmoja na njia yake. Njia ya Sharyn ilikuwa tupu kabisa. Kwangu kulikuwa na karavani, ile nyumba ya kukokotwa na gari, ya wastaafu waliokuwa wanabishana nani alinunua vitunguu. Nikaliona gari la mama mkwe linakuja polepole, lile dogo la kijani. Lilipunguza mwendo, likaiacha njia ya Sharyn, likaja kusimama nyuma ya karavani. Nilijua hapo hapo. Mtu asiye na kitu huenda penye njia tupu.

Sharyn naye aliona. Alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama anikagulie yeye, maana si vizuri mtu kukagua ndugu. Alikuwa sahihi, na utaratibu ndio ulivyo. Lakini niliwaza kwamba kama yule mama ni wa kuaibishwa, basi aaibishwe na mtu anayempenda, si na mgeni. Nikamwambia nitamkagua mwenyewe, na yeye asimame pale ashuhudie.

Mama alishusha kioo. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na amejipaka unga wa uso. Nilimwamkia, nikamwuliza habari za barabara, akasema barabara ilikuwa nzuri mpaka ilipofika kwetu. Nikacheka. Kisha nikamwuliza swali ninalomwuliza kila mtu.

"Mama, una matunda, mboga au mmea wowote ndani ya gari?"

"Sina."

Nilimwambia afikiri vizuri, kwamba njiani mtu anasahau. Nilimwonyesha pipa. Nilimwambia kula bado ni ruhusa, kivuli kipo, na hata viti vipo. Sikuweza kusema zaidi ya hapo, kamera inatutazama na Sharyn amesimama. Macho yangu yalikuwa yanamwomba. Yeye alinitazama kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyeshalipigia jambo hesabu nyumbani. Nani duniani ampekue mama mkwe wake?

"Nimeshafikiri, mwanangu. Sina kitu."

Nikaenda nyuma nikafungua buti.

Nilitegemea kuona sufuria ya tambi na mkate, maana haji mikono mitupu. Sufuria ilikuwepo, na sufuria nyingine, na zote alizonazo, zimepangwa moja ndani ya nyingine na magazeti katikati. Cherehani yake ilikuwepo. Mto wa kulalia ulikuwepo. Picha ya Rocco, ile kubwa ya sebuleni, ilikuwa imeviringishwa kwenye taulo, kona ya fremu imejitokeza. Na juu ya vyote lilikunjwa koti lake zito la sufu. Nililishika lile koti nikashindwa kuelewa kwa muda, joto lote lile, koti la nini. Hakuna mtu anayebeba koti la baridi kwenda kula chakula cha mchana mwezi wa Februari. Kisha nikaelewa. Jibu lake lilikuwa ndani ya buti. Alikuwa amekuja kukaa.

Alikuwa ameshindana nasi mpaka dakika ya mwisho kwa mdomo, na huku mikono yake inafungasha. Alifunga nyumba, akaagana na Rocco kule kaburini, akawaacha kuku kwa jirani, akaingia kwenye gari peke yake, bila kumwambia mtu, asije akabembelezwa wala kupongezwa.

Tini zilikuwa chini ya koti, kwenye sinia la kuokea. Harufu yake ilinifikia kabla sijaziona. Alizipanga moja moja, kila moja imekalia jani lake, zimeiva mpaka zimepasuka. Alizichuma alfajiri hiyo. Katika bustani nzima aliyoiacha Victoria, hizo ndizo alizokataa kuziacha, na hakuzichukua kwa ajili yake.

Kuna msemo wetu wa funika kombe mwanaharamu apite, na nakiri mkono wangu ulishalishika lile koti kulirudisha palepale. Sharyn alikuwa ameangalia pembeni. Alikuwa ameangalia pembeni makusudi, Mungu ambariki. Ningefunga buti, mama angepita, mke wangu angekula tini za baba yake, na dunia ingeendelea kuzunguka. Niliwaza hivyo. Nikamwaza pia yule mzee wa machungwa. Nikawaza wale wote niliowatupia matunda yao, wengine wakilia, nikiwaambia sheria haina jina la mtu. Na niliwaza kwamba kuanzia siku hiyo yule mama atalala chumba cha pili, tutaonana kila asubuhi, na kila asubuhi tutajua wote wawili kwamba mimi ni mtu wa namna gani.

Nikalitoa sinia.

Nilimwandikia faini nikiwa nimesimama dirishani kwake. Jina lake nililoliandika kwenye kadi za sikukuu mwaka hadi mwaka nililikosea herufi nikalifuta. Hakubisha. Nilipompa karatasi aliisoma yote, mbele na nyuma, akaikunja akaitia kwenye pochi. Kisha akaniomba kitu kimoja. Aliomba nisizimwage zote kwa pamoja kama takataka. Nikaenda pipani nikazitia moja moja, yeye akinitazama kwenye kioo cha pembeni. Sijui kama nimewahi kufanya jambo gumu zaidi ya lile.

Niliporudi nilimwambia, "Mama, nisamehe." Akasema, "Fanya kazi yako, Brenton." Hakuniita mkwe.

Lori la viazi liliingia nyuma yake, na dereva akapiga honi. Nikaenda kumshughulikia. Nilipoinua kichwa, gari la kijani halikuwepo. Pale kituoni unaweza kwenda mbele, na unaweza kuzunguka kibanda ukarudi ulikotoka, na watu wengi waliokasirika huzunguka. Nilimwuliza Sharyn ameelekea wapi. Hakuona. Nilimaliza zamu yangu sijui kwa namna gani. Sikuthubutu kumpigia simu Loredana. Ningemwambia nini? Kwamba mama yake alikuja na mto wake wa kulalia na nimemrudisha kwa ajili ya sinia la tini?

Njia nzima kwenda nyumbani nilikuwa najitetea kwa sauti, peke yangu kwenye gari, na kila utetezi ulikuwa wa kweli na haukunisaidia. Nilifikiri juu ya majimbo yetu mawili, jinsi tulivyoyapima kama watu sokoni, senti za chupa na hospitali na saa, wakati yule mama alikuwa anapima kitu kingine kabisa: kama kwangu ataheshimiwa. Nami nimempa jibu kwenye karatasi yenye muhuri.

Nilipokata kona ya mtaa wetu nililiona gari la kijani uani. Nilikaa nyuma ya usukani kwanza, nikafuta uso.

Ndani, picha ya Rocco ilikuwa imeshatundikwa sebuleni. Loredana alinirukia mlangoni na tumbo lake lile, anacheka na kulia, ananiambia Mama amehamia, Brenton, amehamia, na wala hakutuambia, amekuja na cherehani. Nilimkumbatia nikiangalia jikoni juu ya bega lake. Mama alikuwa ananipa mgongo, anakoroga sufuria yake kwenye jiko letu. Hakugeuka.

Tulikaa mezani. Sikujua amesema nini na hajasema nini. Loredana alikuwa anazungumza kwa ajili yetu sote, kitanda kitakaa wapi, mtoto ataitwa nani, maua ya Rocco watampelekea pamoja mtoto akishazaliwa. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba nitasema mwenyewe kabla hajauliza. Loredana akaniwahi.

"Mama, na tini? Zimebaki kwenye gari?"

Niliweka uma chini. Nilifungua mdomo.

"Mtini haukuzaa mwaka huu," alisema mama.

Alikuwa anakata mkate. Hakuinua macho.

"Haukuzaa? Hata moja?"

"Hata moja, mwanangu. Joto, ndege, sijui nini. Ardhi ya kule imechoka." Alikata kipande kingine, akakipangusa chembe kwa kidole. "Victoria siku hizi hakukaliki. Huku kwenu ndiko kuzuri."

Loredana alimkodolea macho mama yake, kisha akanigeukia mimi. Alikuwa anang'aa kwa furaha. Alinipiga kofi la begani.

"Brenton, umesikia? Umeshinda!"

Mama alinisogezea mkate. "Kula, mkwe," alisema.

"Nimesikia," nilimjibu mke wangu. Nilikipokea kile kipande cha mkate kwa mikono miwili, na sikuweza kumtazama yule mama usoni.